Kokoto Juu ya Kinu

Jumatano, 5 Machi 2025

Majivu leo. Padri kanipaka paji zima kama anapiga lipu ukuta. Nimerudi nyumbani na msalaba mpaka puani.

Naanza daftari hili kwa sababu moja. Mdomo wangu haujui kufungwa — Kisawasawa nzima inajua. Sasa nina jambo ambalo sitakiwi kumwambia mtu, na likikaa tumboni litanitoboa. Basi nalimwaga hapa. Shule sikwenda hata siku moja. Herufi hizi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima, nikiwa na mtoto mgongoni. Na mtoto huyo ndiye jambo lenyewe.

Fulgensi mwanangu hasikii.

Hakuzaliwa hivyo. Baruti zimemla masikio. Kwanza miaka ya Mahenge kwenye machimbo ya vito, halafu huku kwenye machimbo ya kokoto ya bosi Melkiori, mlimani ng'ambo ya kijito. Fulgensi ndiye mlipuaji. Ana leseni. Anajaza baruti kwenye mashimo ya mwamba, anawasha tambi, anaondoka. Anatembea, hakimbii. Anasema anayekimbia ndiye anayeanguka. Mwamba unapasuka, wengine wanapakia.

Ukimsemesha anakutazama usoni, anajibu vizuri. Ukimsemesha kwa nyuma, unaongea na shati.

Tunaojua ni watatu: yeye, mkewe Edna, na mimi. Leseni ya kulipua hawampi kiziwi.


Ijumaa, 7 Machi

Niandike tunavyofanya, nisije nikadhani niliota.

Kila shimo lina utambi wake. Tambi anazikata fupi na ndefu, ili mashimo yalie moja baada ya jingine. Mlipuaji kazi yake ni kuhesabu. Mashimo sita, milio sita — haya, rudini kazini. Mashimo sita, milio mitano — shimo moja limelala. Baruti bado hai mle ndani, na kifusi kimelifunika, halionekani. Kesho yake mtoboaji akisimamisha mashine yake pale, tunamzika vipande.

Na mwanangu hasikii milio! Anasema anapata kishindo kifuani, kama mtu kamsukuma. Lakini vikifuatana haraka haraka, viwili anaona kimoja.

Zamani alikuwa na msaidizi, wanahesabu wote wawili. Bosi kamwondoa, anasema ni mtu wa kusimama tu. Wengine wote husogezwa nyuma ya mlima, na huko mwangwi unarudisha mlio mmoja mara mbili tatu. Nyumba yangu ndiyo inayotazamana na mwamba.

Basi asubuhi ya Jumanne na ya Ijumaa Fulgensi akipita kwenda kazini anaweka kokoto juu ya kinu changu nilichokigeuza kitako juu. Kinu chenyewe hakina kazi mpaka mpunga uanze kuiva tutwange pepeta, ule mchele mchanga wa kukaanga. Kokoto moja ni shimo moja. Jioni nakaa. Mlio mmoja, nasukuma kokoto moja iangukie kwenye kanga. Milio ikitulia namtumia meseji. Namba tu.

Leo sita. Nimetuma 6. Kajibu: Asante mama.

Mtu mzima na ndevu zake, anasikia kwa masikio ya mama yake. Nilimzaa mara moja, naona sijamaliza.


Jumanne, 11 Machi

Saba. Zote zimeanguka. Mvua kidogo. Nimechemsha magimbi, mabaya, yanawasha.


Ijumaa, 14 Machi

Kokoto nane. Zikaanguka saba.

Nikasubiri. Ile moja imekaa juu ya kinu, imetulia kama mgeni asiyeaga. Nikasali Baba Yetu yote mpaka amina. Haikuja. Nikatuma 7.

Halafu nikakaa nimeshika simu kama nimeshika yai.

Edna kanisimulia baadaye. Fulgensi aliwazuia wote. Wakasubiri muda wao, kisha akaingia kwenye kifusi peke yake, anaondoa jiwe moja moja kwa mkono kama mtu anayetafuta vifaranga. Kalipata. Utambi ulikunywa maji. Kalisafisha shimo kwa maji taratibu, akalitia baruti na utambi mpya, akaondoka. Anatembea.

Mlio ule wa nane nimeusikia nikiwa naosha sufuria. Nimepiga magoti pale pale kwenye masizi.


Jumamosi, 15 Machi

Shilinde kaja kunisalimia. Huyu ndiye mtoboaji. Msukuma, mtu wa Maswa, alikuja bondeni na ng'ombe wa baba yake. Wamebaki wachache mno, mkewe Minza anauza maziwa yao, yeye kashika mashine. Mwamba anaulipua Fulgensi, lakini anayeutoboa kesho yake ni huyu. Lililolala ni lake.

Kavua kofia mlangoni, kainama mpaka nikaona utosi. Shikamoo mayu. Wasukuma mama wanamwita hivyo, na mimi nimezoea. Nikamwambia marahaba baba, ingia, acha kunifanya mfalme.

Hakukaa hata dakika, akaanza. Kumbe nyuma ya mlima wao walisikia nane, wengine wanaapa tisa. Fulgensi peke yake ndiye aliyesema saba.

"Mayu, mwanao ana masikio," akasema. "Mtu wa namna hiyo ukifanya naye kazi, unalala usingizi."

Sikujua niangalie wapi. Nikaenda nyuma nikakata mkungu mzima wa ndizi nikamtwika. Minza, aliyekuja naye, akacheka, akaniuliza kama shamba lenyewe nalo walibebe au nitawaletea. Mtoto wao mgongoni kwake ananikodolea macho. Wamempa jina langu. Msukuma anayeitwa Paskazia! Nilimwambia Minza siku ile, mtoto huyu atakuwa na mdomo, jiandaeni.


Jumanne, 18 Machi

Tano kwa tano. Kijito kimejaa. Watu wa bondeni wanasema mpunga umezama.


Jumapili, 23 Machi

Minza kanuna. Edna ndiye aliyeniambia njiani kutoka kanisani. Eti jana Minza alisimama kwenye ua wangu na maziwa, akaita, akaita tena, mimi nimekaa nimempa mgongo, kimya. Akaondoka na maziwa yake. Kamwambia Edna, bibi siku hizi ananiringia, sijui nimemkosea nini.

Nimemfuata kwake moja kwa moja na nguo za kanisani. Nikamwambia wewe binti una wazimu. Mimi nikuringie wewe? Uliyempa mwanao jina langu? Nikuringie kwa lipi, kwa meno haya? Nimembeba mtoto, nimekunywa maziwa ya watu wawili, tumecheka, yameisha.

Nikamwambia nilikuwa na mawazo.

Uongo. Sikuwa na mawazo yoyote. Nilikuwa natoa mawe kwenye mchele.


Ijumaa, 28 Machi

Sita kwa sita. Unaona? Mzima mimi.


Ijumaa, 4 Aprili

Kokoto nane. Zimeanguka sita.

Nimesubiri mpaka miguu ikafa ganzi. Mbili hazikuja. Nikatuma 6. Mungu wangu, mawili kwa mpigo!


Jumamosi, 5 Aprili

Hakukuwa na shimo lililolala. Hata moja.

Tangu jana jioni mpaka leo alasiri wametafuta. Fuso zimepanga foleni mpaka huku barabarani kwetu, madereva wanakuja kuniomba maji ya kunywa, nawapa, nao wanamtukana mlipuaji mbele yangu. Nimewapa maji hivyo hivyo. Fulgensi katoa kifusi chote kwa mkono na kwa koleo. Kakuta vitako vyote vinane vya mashimo, vyeusi, vimelipuka.

Melkiori kamsema mbele ya watu. Kamwambia uoga nao una mwisho. Akirudia, atamleta mlipuaji kijana kutoka Chunya.

Jioni Fulgensi kaja. Vidole vimechubuka vyote. Nimemwosha mkono mmoja mmoja kwenye karai kama alipokuwa mdogo, na yeye kaniacha. Akaniuliza taratibu, bila ukali, kama nilihesabu vizuri.

Nikamwambia ni mvua. Ilinyesha kwenye bati.

Akautazama mdomo wangu. "Bati," akasema. Akatikisa kichwa kukubali.

Mvua ilianza baadaye. Nilipokuwa nahesabu, kanga yangu ilikuwa kavu.


Jumanne, 8 Aprili

Tano. Nadhani tano. Ile ya nne na ya tano zilikuja zimeshikana. Nimetuma 5 na leo hakuna aliyekufa.


Jumatano, 9 Aprili

Nimemwambia Fulgensi aache kazi.

Alikuwa kakaa kwenye kizingiti anapaka buti mafuta. Nikamgeuza uso kwa mkono ili anione. Nikamwambia mwanangu, acha. Tule magimbi. Yanawasha lakini hayalipuki.

Akanihesabia kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kuhesabu mara nyingi akiwa peke yake. Shamba la bondeni liko chini ya maji, mpunga umeoza ukiwa umesimama. Hospitali walikwenda mwaka juzi, yeye na Edna, daktari akawaambia ukweli bila kuzunguka: yaliyokufa humo hayarudi. Kuna kifaa cha kuweka sikioni, lakini ukikivaa kazini umejitangaza. Uzee umeanza kumgusa. Atakwenda wapi?

"Nikitoka pale, mama, mimi ni kiziwi tu," akasema. "Nikiwa pale ni Fundi Fulgensi."

 

Nikasema basi tumwambie Shilinde, ahesabu yeye. Akasema Shilinde akijua hatatoboa tena, na akikataa ataulizwa kwa nini, na Msukuma yule hajui kudanganya. Ni kweli, hajui. Uso wake kama dirisha lisilo na pazia.

Nikasema: na huyo Shilinde anajua anatoboa kwa masikio ya nani?

Fulgensi alikuwa ameshainama kuchukua buti la pili. Hakuniona nikisema.

Sikurudia.


Ijumaa, 11 Aprili

Sita. Zimeanguka sita, lakini ya mwisho niliisukuma mimi kwa sababu mbwa alishtuka. Naanza kuhesabu kwa mbwa.


Jumapili ya Matawi, 13 Aprili

Nimefika misa ikiwa imeanza. Watu wamekwisha zunguka na matawi, wamekwisha ingia. Nikajibanza karibu na Edna, nikamnong'oneza kwamba leo kengele haikupigwa.

Akanitazama.

Alinijibu nje, baada ya misa, kanishika mkono. Kengele zote tatu zililia. Ya pili ilipolia, wao walikuwa wanapita mlangoni kwangu. Aliniita. Nilikuwa nafunga kilemba, nimemwelekezea kisogo. Akadhani nakuja.

Nikamwambia usimwambie mumeo. Akasema, mama, sasa nani atamwambia? Nikamwambia mimi. Nitamwambia mimi.

Wakati wa Hosana niliona midomo yote imefunguka. Nikaimba nami. Sijui kama niliimba pamoja nao au nyuma yao.


Jumatatu, 14 Aprili

Nimejipima. Nilimfunga jogoo kwa kamba kwenye mpera, nikakaa mbali kiasi cha kijito, nikamtazama akifungua mdomo. Kafungua mara nyingi, kanikasirikia kweli, shingo yote imesimama. Nimesikia mbili. Hizo nyingine ni jogoo anayepiga miayo.

Watu wakikaa karibu nawasikia. Wanaongea kama wamo ndani ya mtungi, lakini nawasikia. Ndiyo maana sikujua. Nani anayekwenda kumsikiliza jogoo wa mbali?

Nimeona na kitu kingine. Siku hizi ninawatazama watu midomoni. Sijui nilianza lini. Nimejifunza kwa mwanangu bila kujua najifunza.

Masikio ya kazi ile yalikuwa manne. Mawili yake, mawili yangu. Sasa hakuna hata moja, na Shilinde analala usingizi.

Kesho asubuhi akija na kokoto namwambia.


Jumanne, 15 Aprili

Sikumwambia.

Alikuja kabla jua halijakaza. Kokoto tisa. Nyingi hivyo hajawahi kuniwekea. Alikuwa mchangamfu, na mimi uchangamfu wake siujui siku hizi, umenivunja. Melkiori anataka mawe mengi kabla ya Pasaka, halafu kazi inafungwa mpaka sikukuu iishe. Fulgensi anasema Pasaka atamchinja yule jogoo anayekodoa macho, ale na Shilinde na Minza hapa hapa kwangu. Akasema na hili pia: bosi leo atakuwepo mwenyewe, anataka kuona kama mlipuaji wake kapona uoga.

Nikafungua mdomo. Alikuwa anatazama kokoto, anazipanga vizuri zisidondoke.

Nikamgusa shati. Akageuka. Nini mama?

Nikasema kula kwanza.

Akala. Nikamtazama anavyokula. Akaenda.

Jioni nikakaa. Leo nilikilalia kinu, kiganja kimoja kwenye kinu na kingine ardhini, nikafumba macho ili mwili wote uwe sikio. Ardhi imelowa siku nyingi, imekuwa uji, haileti kitu. Moja. Mbili. Tatu na nne zimegusana. Tano. Sita. Hapo katikati kukawa na kitu, sijui ni mlio au ni moyo wangu. Saba.

Mbili zimebaki juu ya kinu.

Nikasubiri mpaka moshi ukaisha mlimani.

Nikaandika 7. Kichwani nikamwona Melkiori kasimama pale na mikono kiunoni. Nikawaona wanatafuta kwa siku mbili na hawapati kitu, na kijana wa Chunya anashuka kwenye basi na begi lake. Na Fulgensi ni kiziwi tu, kakaa kwenye kizingiti changu, hana jina.

Nikafuta. Nikaandika 9. Nikatuma.

Asante mama.

Shilinde anatoboa kesho asubuhi. Mbona mkono wangu ulikuwa mwepesi hivyo?


Jumatano, 16 Aprili

Niko juu ya mwamba. Naandikia gotini. Kalamu ndiyo inayonizuia nisiropoke mbele ya hawa.

Nianze mwanzo. Nilipoamka Fulgensi alikuwa ameshapita. Siku isiyo ya kokoto hasimami kwangu. Nikamwandikia: TAFUTA. NILISIKIA 7. Haikusomwa. Nikampigia. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Ndipo nikajiona, nimesimama uani nampigia simu kiziwi, na akipokea sitamsikia vizuri. Nikatafuta bodaboda.

Dereva kanionya njiani. Bibi, huko mwanamke hakanyagi mwamba, wanasema mawe yanakasirika. Nikamwambia mawe yangekasirika yasingekubali kupasuliwa. Endesha.

Nikafika Shilinde anavuta mpira wa kompresa, ile mashine ya upepo wa kutobolea. Nikapita kibendera chekundu. Mtu akanyoosha mkono kunizuia, nikamtazama, akaurudisha. Nikapanda juu ya kifusi kwa miguu na mikono mpaka pale walipotia alama za rangi kwa ajili ya mashimo mapya. Nikakaa juu ya alama. Makalio yangu ni mapana, yamefunika mbili.

Nikasema hapa hapatobolewi leo.

Melkiori alianza na adabu. Bi Mkubwa shikamoo. Marahaba. Akasema hapa ni kazini, kama kuna msiba nyumbani niseme. Nikasema hakuna msiba, na ninataka ubaki hivyo hivyo. Akauliza kwa nini basi. Nikanyamaza. Mimi, kunyamaza! Nikisema kwa nini, nimemuua mwanangu mbele yao. Nisiposema, Shilinde anatoboa.

Adabu ikamwisha. Akawaita wanaume wawili waninyanyue. Nikainuka nusu, nikashika fundo la kanga.

"Atakayenigusa navua zote," nikamwambia. "Mtaona mlikotokea."

Wakarudi nyuma kama nimewamwagia maji ya moto. Shilinde alifunika uso kwa kofia kabisa. Melkiori mwenyewe akageuka kutazama barabara. Hakuna kati yao anayetaka kubeba uchi wa bibi kizee maishani mwake. Ningevua. Nilikuwa tayari, hata kamba ya gagulo nilishailegeza.

Nikakaa tena. Nikajiambia, kama liko hapa chini, limepata wa kwanza wa kuongea naye.

Wakamwita Fulgensi. Alikuwa kule kwenye stoo ya baruti, ilibidi mtu aende akamshike bega. Kaja anatembea. Kapanda. Kachuchumaa mbele yangu, kawapa wote mgongo.

Mama, nini?

Nikamwambia kwa mdomo tu. Sauti sikutia hata kidogo, midomo peke yake. Saba. Nilisikia saba.

Naye akajibu hivyo hivyo, bila sauti. Ulisema tisa.

Nilidanganya. Masikio yangu yamekwisha. Kama yako.

Akakaa chini. Hakukaa kama mtu anayepumzika. Alikaa kama gunia linalowekwa.  Usoni hana hasira, ningeshukuru ingekuwepo. Anatazama midomo yangu bado, anasubiri niseme kingine, na sina kingine.

Labda yote tisa yalilia. Labda mawili yamelala chini yetu sasa hivi. Hakuna mtu hapa mlimani anayejua. Yeye hajui. Mimi sijui. Kutafuta ni lazima aombe, na akiomba ataulizwa kwa nini, jana alisema tisa mbele ya bosi, kwa mdomo wake.

Kompresa wameizima. Sikuisikia ikizimwa. Nimejua kwa sababu mwamba umeacha kunitetemesha makalio.

Melkiori anamwonyesha Shilinde upande mwingine, kule pembeni, kwa kidole. Toboa kule. Shilinde hajasogea. Anamtazama Fulgensi mgongoni. Anamwita. Naona mdomo: Fundi. Tena: Fundi Fulgensi. Hakuna kelele yoyote hapa sasa, hakuna cha kusingizia. Anamwita mara ya tatu, shingo inamtoka mishipa.

Shati la mwanangu halijageuka.

Kofia ya Shilinde imeanguka, hakuiokota. Anaweka mashine chini. Anapanda kuja.

Fulgensi anaokota kokoto. Anazipanga juu ya mwamba kati yangu na yeye, polepole, kama anavyozipanga kwenye kinu. Tisa. Anasukuma saba upande wangu. Mbili zimebaki. Ameweka kidole juu yake, ananitazama, anauliza kwa midomo: hizi?

Nainamisha kichwa, naandika. Kivuli kimefika juu ya kokoto. Shilinde amesimama nyuma yake, anazihesabu, na Fulgensi hajui kama kuna mtu.